Naomba ushauri: elementi nne za Wagiriki wa kale zisomweje?

Habari zenu wanajamvi. Ninaandaa somo fupi juu ya fikra za Wagiriki wa kale kuhusu asili ya maada, na ningependa wenye ujuzi wa falsafa wanisaidie.

Maelezo mengi ya siku hizi husema kwamba udongo, maji, hewa na moto vilikuwa namna yao ya kutaja yabisi, kimiminika, gesi na nishati. Tafsiri hiyo inavutia, lakini naona imerahisisha mno. Empedocles wa Sicily, katika karne ya 5 K.K., alishikilia kwamba mizizi hiyo minne (ndivyo alivyoziita elementi hizo) haizaliwi wala haifi, bali huunganishwa na Upendo na kutenganishwa na Ugomvi. Kwa hiyo maji yake hayawezi kugeuka hewa, ilhali kimiminika huwa gesi kila sufuria inapochemka. Aristotle aliyaruhusu mageuzi hayo: maji yana ubaridi na unyevu, hewa ina joto na unyevu, basi ubaridi ukishindwa na joto, maji huwa hewa. Plato naye (hapa ndipo ninapokwama zaidi) aliupa udongo umbo la mchemraba na kuutenga na mageuzi, kwa kuwa pembetatu zinazouunda si za aina moja na za vile vingine vitatu.

Je, ni halali kuwapima wote watatu kwa hali za maada tunazofundisha leo, au kila mmoja alikuwa akijibu swali lake? Na kwa wanafunzi wa sekondari, mngeanza na yupi?