Naomba ushauri: kutembea Lisbon kwa miguu na mama anayesumbuliwa na goti
Ndugu zangu, salaam. Mwezi ujao nitakuwa Lisbon kwa siku mbili pamoja na mama yangu, ambaye goti lake la kushoto humsumbua kila anapopanda ngazi. Yeye ana shauku ya kuona Alfama, mtaa mkongwe ulionusurika kwa sehemu kubwa katika tetemeko la mwaka 1755, na ambao hata jina lake lina asili ya Kiarabu. Mimi, kwa kuwa nililelewa Mombasa jirani na Fort Jesus, nataka nifike Belém, mtaa mwingine wa Lisbon, nilione kaburi la Vasco da Gama. Tatizo ni vilima, pamoja na yale mawe madogo meupe ya njia za miguu, ambayo huteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Je, ni busara tupande tramu namba 28 hadi juu, kisha tushuke taratibu kwa miguu, au kushuka ndiko kutakakomuumiza zaidi? Baixa, mtaa wa katikati ya jiji, hainitishi, kwani ni tambarare na mitaa yake imenyooka. Naomba pia mnishauri kuhusu viatu, maana mama ameshikilia kwenda na makubadhi yake.