Tupeane uzoefu: filamu ya mapenzi ya kudumu iliyoingia mpaka nyumbani kwako

Wanajamvi, salaam. Niko Chumbageni, Tanga. Wiki iliyopita niliangalia tena The Notebook, safari hii na mama. Kwa asiyeijua, ni filamu ya 2004 ya Nick Cassavetes, imetokana na riwaya ya Nicholas Sparks. Mzee mmoja kwenye nyumba ya wazee anamsomea bibi hadithi ya kijana Noah na binti Allie. Bibi ndiye Allie mwenyewe, ila maradhi yamemfuta kumbukumbu. Anayemsomea ni mumewe.

Mama hajui Kiingereza, nikawa namtafsiria huku anamenya vitunguu. Tulipofika pale bibi anapotaka kujua hadithi inaendeleaje, kisu kikasimama. Baba yangu ana miaka 78, alikuwa fundi wa reli, na tangu mwaka juzi anamwita mama kwa jina la dada yake marehemu. Mama hakulia. Alisema tu, "Kumbe mtu unaweza kumsimulia."

Kesho yake alasiri akampelekea baba kahawa barazani, akakaa, akafunga khanga vizuri, akaanza: "Palikuwa na kijana mmoja, akija Ngamiani na baiskeli ya Phoenix, kwenye keria kafunga kapu la embe." Baba akasikiliza mpaka kahawa ikapoa. Akauliza, "Alimpata huyo binti?" Mama akajibu, "Alimpata." Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, miguu ikagoma kutoka.

Sasa imekuwa desturi ya kila siku. Mara mojamoja baba anacheka, anasema embe zenyewe zilikuwa mbichi. Siku nyingi hasemi kitu. Kwenye filamu Allie anarudiwa na fahamu kwa dakika chache tu kisha zinampotea, na hapo hawakutudanganya.

Leteni zenu. Filamu gani, na iligusa nini kwenu?

Mpwa wa Makorora
Dada, umenitoa machozi na mimi niko kazini. Yangu ni Veer-Zaara, ya Yash Chopra, 2004 hiyohiyo. Niliiona kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, joto la Tanga mnalijua. Veer ni rubani wa jeshi la anga la India, anampenda Zaara wa Pakistani, anaishia jela ya Pakistani miaka 22 bila kufungua mdomo ili asimharibie heshima. Watu wengine walikuwa wanasema haiwezekani. Mimi nilikuwa namfikiria shangazi yangu.

Mume wake alikuwa baharia. Aliondoka na meli, barua zikaja miaka miwili, zikakatika. Ukoo mzima ulimwambia adai talaka. Akawa anafua shati la mumewe moja, la mistari, kila mwezi, anapiga pasi, anarudisha kabatini. Shati halijavaliwa na mtu! Mwaka wa tisa mume akarudi, mgonjwa, kakonda. Lile shati lilimpwaya. Shangazi alikaa usiku huohuo akalipunguza kwa mkono.

Nilimwekea ile filamu. Alichotaka kurudiarudia ni mahakamani tu, wanapoonana vichwa vina mvi. Na nyimbo zake, jamani: ni tuni za Madan Mohan, aliyefariki 1975, zilikaa tu mpaka mwanawe akazitoa kwa ajili ya filamu hii. Hata muziki wenyewe ulingoja.

Binti Raskazone
Mimi Titanic. Tuliazima laibrari ya video, kanda mbili, ya pili kumbe kaondoka nayo mtu. Ya kwanza ilipoisha meli bado inaelea. Wiki nzima nilikuwa naamini Jack na Rose wamefika New York wamefunga ndoa. Nilipopata ya pili nilikataa kula.

Mama wawili
Nisameheni nitasema tofauti. Kwenye hiyo The Notebook, Noah ananing'inia kwenye gurudumu la maonyesho, anatishia kujiachia mpaka Allie akubali kutoka naye. Wenzangu sebuleni walishangilia. Mimi nilitetemeka, maana mtalaka wangu alinipata hivyohivyo, kwa kutishia kunywa sumu. Nilivumilia miaka sita nikidhani ndiyo mapenzi ya kudumu yalivyo. Wenye mabinti, mkiangalia nao, pale simamisheni mzungumze.

Mpwa wa Makorora
Dada yangu, pole sana. Hili sikuwahi kuliona. Shangazi alingoja kwa hiari yake, hakutishwa na mtu. Hayo mawili si kitu kimoja.

Jirani wa Mikanjuni
Niongeze moja. Aliyeigiza Allie mzee ni Gena Rowlands, mama mzazi wa mwongozaji. Mwaka 2024 mwanawe alisema mama yake naye ana maradhi ya kusahau, na mwaka huohuo akafariki. Tangu nijue hilo siwezi kuiangalia kama zamani. Mleta uzi, mama aliuonaje mwisho?

Mleta uzi
Mama wawili, ahsante kwa kusema. Mama naye alisonya pale kwenye gurudumu, akasema kijana hana adabu.

Mwisho sikumwonyesha. Walioiona wanajua wale wazee wanalala kitanda kimoja, asubuhi hawaamki. Nilimwambia umeme umekatika. Jana kaniuliza tena, na kahawa ya baba iko mkononi, "Wale wazee waliishia wapi?" Nikamwambia bado anamsomea.