Tupeane uzoefu: Taa za barabarani zimetusaidia nini sisi watembea kwa miguu na wa baiskeli?

Wakuu, habari za jioni.

Huku kwetu jua linazama kabla ya saa moja mwaka mzima, na saa kumi na moja alfajiri watu wameshatoka kuwahi daladala. Mtu wa kawaida anatembea gizani kwenda na kurudi. Barabara kadhaa za mitaani hapa Dar zilizojengwa kupitia DMDP, ule mradi wa kuendeleza jiji la Dar, zimewekwa taa, na tofauti inaonekana. Ila nina dukuduku moja: taa nyingi zimeinamia lami. Gari linaangaziwa vizuri, sisi tuko nyuma ya nguzo tunapapasa kwa mguu kama mtaro una mfuniko. Kwenu hali ikoje?

Mama wa Mbagala
Mtaa wetu ulikuwa na sifa ya roba. Wanawake tulikuwa tunasubiriana kituoni tuongozane. Zilipokuja taa vibaka hawakuacha kazi, walihamia kichochoro cha pili kisicho na taa. Penye mwanga napita peke yangu, nikikaribia kichochoro nampigia kijana wangu aje kunipokea. Na niseme ukweli, kinachonipa amani hasa ni yule muuza mihogo aliyehamia chini ya taa. Yupo mpaka usiku mnene, anamjua kila mpita njia.

Wa Mathare
Sisi Nairobi tuna mulika mwizi, ile nguzo ndefu yenye taa nyingi juu. Zilianza kusimamishwa mitaani miaka ya 2000, enzi za kampuni ya Adopt-A-Light ya Esther Passaris. Ngeta, yaani hizo roba zenu, zilipungua pale uwanjani na kwa steji, siwezi kukataa. Lakini nyumba za mabati zimebanana, mwanga ukitoka juu vile unagonga paa, huku chini kwa vijia ni kivuli tupu. Halafu ikizima, kijiji chote kimezima, na kubadilisha balbu kule juu si kazi ya ngazi ya kawaida. Afadhali taa fupi fupi nyingi.

Baiskeli Buguruni
Mimi naogopa zaidi barabara yenye taa nusunusu kuliko yenye giza moja kwa moja. Moja inawaka, tatu zimekufa. Jicho likishazoea mwanga, ukiingia kwenye giza huoni shimo wala tofali. Hapo hapo bodaboda anakuja upande wako na taa kali amekuelekezea usoni. Nimefunga taa nyekundu nyuma na nguo ya kuakisi, maana dereva wa lori hana habari na wewe mpaka umng'arie.

Fundi umeme
Mleta mada uko sahihi, na kwenye vivuko ndiyo balaa zaidi. Taa ikiwa nyuma ya zebra, dereva anayekuja anakuona kama umbo jeusi tu. Ikiwa juu ya kichwa chako, inaangaza utosi. Inatakiwa isimame kabla ya kivuko, upande gari linakotokea, ili mwanga ukupige ubavu anaoutazama dereva. Barabara yenye magari ya kwenda na kurudi basi ni taa mbili.

Zile za njano za zamani za sodiamu zilikuwa zinapoteza rangi, shati jekundu na la kahawia huwezi kutofautisha. LED nyeupe zimemaliza hilo. Za sola angalieni betri. Ikichoka, taa inawaka vizuri jioni, saa tisa usiku imekata, na watu wa alfajiri ndio kwanza wanaamka.

Wa Uholanzi
Huku njia ya baiskeli iliyojitenga mara nyingi ina taa zake fupi, hazitegemei za magari. Na baiskeli bila taa usiku, nyeupe au ya njano mbele na nyekundu nyuma, unapigwa faini.

Mleta mada
Shukrani wakuu. Fundi, taa ikifa mnaripotije mpaka watu waje? Mimi nimeshachoka kuambiwa "tumepokea".

Fundi umeme
Usiseme "taa ya pale karibu na msikiti". Kama nguzo ina namba, itaje, na useme inawaka mchana, inafifia au imekufa kabisa. Fundi anatoka na kifaa sahihi.

Mama wa Mbagala
Mkuu, namba ya nguzo yetu imebandikwa tangazo la mganga wa kurudisha wapenzi 😂 Kesho nalibandua.