Ninyi watengenezaji wa Linux, tunaambiwa tuandike draiva (programu ya kuendesha kifaa) nje ya keneli (kiini cha Linux), tukishahamia mnabadilisha namba za milango. 17 imekuwa 529!

Wakuu, naandika kwa hasira, mtanisamehe. Nimetoka Katuba sasa hivi, hapa Lubumbashi. Tangu saa 11 alfajiri nilikuwa nimechuchumaa mbele ya pampu isiyo na ugonjwa wowote. Mota nzima, kontakta (swichi kubwa ya mota) nzima, waya nimezipima moja moja.

Foraji (kisima cha kuchimbwa) ni ya mama mmoja anayeuza maji kwa bidoni (madumu). Miaka mitatu iliyopita nilimfungia kibao kidogo cha kompyuta chenye Linux. Kinasoma kama tangi limejaa au la, kinawasha rilei (swichi ndogo ya umeme), rilei inavuta kontakta, maji yanapanda. Draiva yenyewe ni skripti ya mistari kama 40. Haimo ndani ya keneli, inaandika tu kwenye mafaili ya /sys/class/gpio (GPIO ni laini za kibao ambazo programu inaziwasha na kuzizima; yangu ni namba 17): unaandika 17 kwenye export, unaandika out kwenye direction, unaandika 1 kwenye value, basi. Niliichagua njia hiyo kwa sababu hata nikisafiri, fundi mwingine wa mtaani ataisoma na kuielewa.

Wiki hii umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi, mpaka kadi ya memori ikafa. Hilo si geni. Usiku nikapakua imeji mpya ya mfumo (mega ziliniishia mara mbili), nikaiandika kwenye kadi nyingine, nikaweka skripti yangu ileile, alfajiri nikarudi. Kibao kikawaka vizuri. Pampu kimya.

Foleni ya bidoni ikatoka uani ikafika barabarani. Mwezi wa kumi huu, joto mnalijua. Mama akaja mara ya kwanza kwa upole: "Papa fundi, maji iko wapi?" Mara ya tatu upole ulikuwa umekwisha. Nilipojaribu kumweleza kwamba namba zimebadilika, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu: "Unaniambia namba, namba. Bantu banakunywaka namba?"

Sikuwa na jibu.

Niliandika mstari wenyewe kwa mkono, echo 17 > /sys/class/gpio/export, skrini ikanijibu "Invalid argument", yaani namba hiyo haifai. Hapa nakiri kosa langu: skripti ilikuwa inatupa ujumbe wote wa makosa kwenye /dev/null (shimo la takataka la Linux), ndiyo maana nilipoteza saa nzima na multimita mkononi nikitafuta waya uliokatika. Nikaorodhesha kilichomo kwenye folda, nikakuta gpiochip512. Keneli mpya inagawa namba hizi kuanzia 512 kwenda juu. Kwa hiyo laini yangu ya 17 sasa inaitwa 529. Waya ni uleule, tundu ni lilelile, jina jingine.

Sasa najua wajuaji watakuja na mahubiri. "Njia hiyo ilishatangazwa kuwa ya kizamani tangu keneli 4.8, mwaka 2016." Kweli. "Namba hizo hazikuahidiwa kubaki zilezile." Kweli pia. Lakini nendeni mkasome karatasi ya keneli yenyewe kuhusu sysfs-gpio (ndiyo njia hii ya /sys/class/gpio): imeandikwa kwamba itaondolewa baada ya 2020. Mwaka 2020 ulipita zamani, na folda bado ipo, inafunguka, inapokea maandishi. Kama imekufa, izikeni! Skripti ingegonga ukuta siku ya kwanza na mimi ningejua niko wapi. Mlichofanya ni kuacha mlango wazi na kubadilisha vyumba ndani.

Halafu kinachoniudhi zaidi ni hiki. Ukitaka kuandika draiva ndani ya keneli, unaonyeshwa waraka maarufu wa Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa keneli: miunganisho ya ndani haina uthabiti, itabadilika wakati wowote, kama draiva yako haijapokelewa kwenye mti mkuu (msimbo rasmi wa keneli) basi shauri yako. Sawa. Nani atapokea kwenye mti mkuu draiva ya pampu ya mama wa Katuba? Unaambiwa basi kaa nje, upande wa programu za kawaida, huko Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ana sheria yake kali: keneli haivunji programu za watumiaji. Tukahamia nje kwa imani hiyo. Na si kwamba huko nje ni kibanda cha juzi, njia za kuandika draiva huko ni za siku nyingi: FUSE (ya mifumo ya mafaili) iliingia keneli 2.6.14 mwaka 2005, UIO (ya vifaa) ikaingia 2.6.23 mwaka 2007, VFIO (ya vifaa pia) 3.6 mwaka 2012. Wenye kadi za mtandao za bei mbaya wanaangaliwa vizuri huko. Sisi wa rilei na kebo tunaambiwa tulipaswa kusoma.

Kebo nayo ina kisa chake. Toleo la 2022 la distribusheni (Linux iliyofungashwa tayari) moja inayopendwa sana: unachomeka kebo ya USB yenye chipu ya CH340, ile ya bei nafuu ambayo sisi wote tunayo mkobani, ttyUSB0 (jina la kebo ndani ya Linux) inatokea, sekunde moja baadaye haipo. Dmesg (kumbukumbu za keneli) inasema "interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1", yaani ch341, draiva ya kebo, na brltty wanagombania kifaa kimoja. Brltty ni programu ya mashine za maandishi ya Braille. Baadhi ya mashine hizo zina kitambulisho kilekile cha 1a86:7523, kwa hiyo programu ikaona kebo yangu ikasema hii ni yangu. Inafanya kazi kutoka nje ya keneli, na ikiomba kifaa, draiva ya ndani inasogezwa. Sina neno na wasioona, wana haki ya mashine zao. Nauliza tu ni nani aliyekuwa analinda mlango. Niliiondoa brltty, nikaendelea na kazi.

Turudi kwenye pampu. Dawa wanayoandika ni libgpiod, maktaba na amri za kutumia laini za GPIO kwa njia mpya. Nimekaa nayo jioni hii. Toleo la 2 la mwaka 2023 halielewani na la 1, kwa hiyo mifano mingi niliyokuwa nimehifadhi kwenye simu ni takataka. Na amri ya gpioset (ya kuwasha au kuzima laini) ya toleo la 2 haimalizi ikaondoka kama zamani, inakaa imeshika laini mpaka uiue. Ukiiua, laini inaachiwa, na hali ya rilei baada ya hapo haina dhamana. Skripti yangu ya zamani iliandika 1 ikaondoka zake, pampu ikaendelea. Sasa lazima nijenge mchakato unaokaa macho saa zote. Kiufundi wana hoja, laini isiyo na mwenyewe ni hatari, sikatai. Zuri moja nimeliona: unaweza kuita laini kwa jina, GPIO17, na namba zikacheze zinavyotaka.

Kwa leo nimeweka 529 kwa mkono, maji yametoka saa 4 asubuhi, mama hajanilipa na sijamdai. Nani hapa anayo skripti ya huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) inayoshika laini ya libgpiod toleo la 2 na kuizima vizuri umeme ukirudi? Aiweke hapa. Anayetaka kuniambia "sasisha mfumo wako" apite mbali.