Tupeane uzoefu: wiki mbili za kwanza za mtoto wa nguruwe aliyetoka kununuliwa

Mkulima wa Zinga

Ndugu wafugaji, poleni na kazi. Ninaomba tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja ameyaona katika banda lake mwenyewe siku za mwanzo baada ya kuleta mtoto wa nguruwe nyumbani. Ninaanza na langu, ingawa bado linaniuma.

Mwaka jana mwezi wa pili, joto la kaskazi likiwa limepamba moto, nilinunua mtoto jike wa wiki 8, mweupe, mchangamfu, niliyemchagua kwa kuwa alikuwa wa kwanza kufika kwenye kihori. Nilimtia ndani ya kiroba, nikampakia nyuma ya pikipiki saa saba mchana, na tulipofika nikammwagia ndoo ya maji baridi nikidhani ninamsaidia. Jioni nilimpa pumba za mahindi zilizochanganywa na machicha ya nazi, chakula ambacho hakuwahi kukionja, kisha nikamfungia peke yake. Usiku kucha alilia. Siku ya tatu alianza kuharisha maji ya manjano, na siku ya tano asubuhi nilimkuta amekufa pembeni mwa ukuta.

Nilipokaa nikahesabu, niliona kwamba kwa siku moja mnyama yule alipoteza mama, ndugu zake, chakula chake, maji aliyoyazoea na mahali pa kulala. Sasa nimejenga upya banda na wiki ijayo ninatarajia kwenda kuchukua wengine. Tafadhali nielezeni ninyi mlifanyaje.

Mama wa Kerege

Pole sana, ndugu yangu wa Zinga. Nimefuga kwa miaka tisa, na jambo la kwanza ninalomwambia kila anayekuja kununua kwangu ni kwamba asichukue mmoja. Nguruwe ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake hali vizuri na halali vizuri, na usiku wa kusi, mvua inaponyesha na upepo kuvuma kutoka baharini, hana mwenzake wa kumkumbatia. Chukua wawili wa tumbo moja, hata kama itakubidi usubiri mwezi mmoja zaidi ili fedha zitimie.

Kabla ya kulipa, mshike kila mmoja umkague. Papasa kitovu, kukiwa na uvimbe laini unaorudi ndani ukiubonyeza, hiyo ni ngiri ya kitovu, na mnyama huyo usimweke kwa ajili ya uzazi. Tazama chini ya mkia kama pana dalili za kuharisha, tazama masikio kwa ndani kama yana ukurutu, na kama ni jike unayetaka azae, hesabu chuchu zisipungue 12, zikiwa zimepangika pande zote mbili. Dume asiyehitajika kwa mbegu awe ameshahasiwa na kidonda kimepona. Kumhasi katika wiki ileile anayohama ni kumwongezea maumivu juu ya maumivu.

Usafiri uwe alfajiri, ndani ya tenga lililotandikwa majani makavu, si ndani ya kiroba. Nguruwe hatoi jasho la kumpoza mwili kama sisi, kwa hiyo akifungiwa mahali pasipo na hewa wakati wa jua anaweza kufa njiani kabla hujafika kwako.

Kuhusu chakula, nina utaratibu ambao siuvunji: mteja wangu haondoki bila mfuko wa kilo 5 za chakula kilekile nilichokuwa ninawapa. Siku ya kwanza wape maji safi na chakula kidogo sana, pungufu ya nusu ya kawaida yao. Siku tatu zinazofuata wape kile cha zamani peke yake, mara tatu au nne kwa siku kidogo kidogo, ndipo uanze kuchanganya chako robo, kisha nusu, hadi kufikia siku ya nane au ya kumi kiwe chako kitupu. Tumbo la mtoto aliyetoka kuachishwa ziwa bado halijazoea kusaga nafaka. Chakula kingi kikimiminika kwa mara moja hubaki bila kusagwa, vijidudu huzaliana humo, na hapo ndipo kuharisha kunapotokea. Ninaamini ndilo lililomuua yule wako, likisaidiwa na baridi ya ile ndoo ya maji.

Mfugaji wa Kiwangwa

Ninaongeza moja tu kutoka huku kwenye mananasi. Maganda ya mananasi nguruwe wakubwa huyapenda sana, lakini mtoto wa wiki 8 asipewe mpaka azoee banda, walau afikishe miezi mitatu, kwa sababu yana maji mengi na protini ndogo, humjaza tumbo bila kumkuza. Hali kadhalika machicha ya nazi. Mtoto anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20, na huku kwetu hilo hupatikana kwa kuongeza soya iliyokaangwa au dagaa waliosagwa kwenye pumba na mashudu ya alizeti.

Mvuvi Mfugaji

Umetaja dagaa, nami ndipo ninapotaka watu wasome polepole, maana nilipoteza watoto watatu kati ya wanne na kwa muda wa mwaka mzima niliamini walirogwa au walilishwa sumu.

Ninaishi Kiromo na nilikuwa nikipata mabaki ya samaki wa chumvi kwa bei ndogo sana. Niliyasaga, nikayachanganya kwenye pumba, na wale watoto niliokuwa nimewaleta siku kumi tu kabla walikula kwa pupa. Wiki hiyohiyo maji ya bomba yalikatika. Nilisafiri kwenda kwenye msiba, nikamwachia kijana wa nyumbani madumu mawili, na kwa kuwa maji yalikuwa machache kijana, kwa nia njema kabisa, aliyatunza kwa ajili ya kupikia, nguruwe wakapewa bakuli moja asubuhi. Niliporudi siku ya tatu niliwakuta wanazungukazunguka kama vipofu, wanajigonga ukutani na hawaitikii hata nikipiga debe. Mmoja aliketi kama anavyoketi mbwa, pua ikamcheza, shingo ikapinda kwenda nyuma, kisha akaanguka akitikisika mwili mzima. Kwa huruma nilichota maji kutoka kwa jirani nikawajazia kihori mpaka juu. Walikunywa mpaka wakatosheka, na kabla ya usiku wa manane watatu walikuwa wamekufa.

Daktari wa mifugo aliyekuja kuwapasua ndiye aliyenieleza. Chumvi ikizidi mwilini na maji yakakosekana, ubongo hujaa chumvi. Kisha mnyama akinywa maji mengi kwa mpigo, maji hukimbilia kwenye ubongo na kuuvimbisha. Kwa maneno mengine, ile ndoo niliyoipeleka kwa huruma ndiyo iliyokamilisha kifo. Mtoto aliyekaa bila maji anatakiwa apewe vikombe vichache, apumzishwe, apewe tena, kwa saa nyingi, huku mtaalamu akiwa njiani. Aliyepona kati yao alikuwa yule dhaifu, aliyesukumwa na wenzake asifikie kihori.

Tangu siku hiyo sinunui dagaa kabla ya kuwaonja ulimini, na wakiwa na chumvi ninawaloweka na kumwaga maji mara mbili. Yale maji ya kisima yenye ladha ya chumvi, ambayo tulio karibu na bahari tunayafahamu, siwapi watoto kabisa. Mtoto mmoja anahitaji lita 1 hadi 2 kwa siku, na wakati wa kaskazi zaidi ya hapo, kwa hiyo ninaweka akiba ya pipa zima linaloandikwa kwa chokaa kuwa ni la nguruwe, ili asiwepo mtu wa kulichukua kwa matumizi mengine. Kijana wangu hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyemwachia wanyama bila kumwachia maelezo.

Mama wa Kerege

Ahsante kwa kusimulia haya, Mvuvi. Nami nimewahi kuona nguruwe akizunguka hivyo kwa jirani, na sote tulidhani ni kifafa.

Mstaafu wa Mapinga

Ninyi mmezungumzia ndani ya banda, mimi nitazungumzia nje yake, kwa sababu kwetu Pwani mtu anaweza kulea nguruwe wake vizuri kabisa na bado akaharibu maisha yake ya ujirani.

Nyumba inayopakana na shamba langu ni ya mzee ambaye ni Mwislamu mcha Mungu, na maji ya nyumba yake yanatoka kwenye kisima. Kabla ya kununua hata tofali moja nilimwendea, nikamwamkia shikamoo, nikaketi, nikamweleza ninachokusudia kufanya na nikamwomba aniambie kinachomkera. Hakunikatalia. Aliomba mambo matatu: wasitoke kamwe kuzurura, maji machafu yasielekee upande wa kisima, na nisimpe mjukuu wake kazi ya kuwahudumia. Banda nililisogeza hadi mwisho wa shamba, upande ambao upepo hauelekei kwake kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mfereji nikauelekeza kwenye migomba yangu. Mtoto mpya huchimba na kupenya hata kwenye upenyo unaodhani ni mdogo, hivyo ukuta wa chini niliuzamisha ardhini kiasi cha futi moja.

Kumfungia kuna faida nyingine ambayo watu wengi hawaielewi. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha binadamu vichakani, na kama aliyejisaidia ana mnyoo wa tegu, mabuu huota ndani ya nyama ya nguruwe. Mtu aliyekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu, na mayai ya tegu hiyo yakiingia kinywani mwa mtu mwingine kwa mikono au mboga zisizooshwa, yanaweza kufika hadi ubongoni na kuleta kifafa. Mwathirika anaweza kuwa mtu ambaye hajala nguruwe maishani mwake. Kwa hiyo ombi la mzee wangu lilikuwa la haki hata kwa upande wa afya.

Binti wa Muheza

Ninachangia kutoka Tanga. Niliuziwa watoto niliodanganywa kuwa wana wiki 8, kumbe hawakufika hata 4. Masikio yao yalikuwa meupe kama karatasi, wakihema haraka baada ya kutembea hatua chache. Afisa mifugo aliniambia hawakuwahi kuchomwa sindano ya madini ya chuma, na walikuwa wamezaliwa juu ya sakafu ya saruji. Mtoto wa nguruwe huhitaji takriban miligramu 7 za chuma kwa siku, wakati maziwa ya mama humpa kama 1 tu. Asipochomwa miligramu 200 katika siku zake za kwanza, kwa kawaida ya tatu, damu yake hupungua upesi. Walinyweshwa uji mwepesi na kuchomwa sindano, nami nikawawekea kila siku udongo mwekundu safi uliochimbwa mahali ambapo nguruwe hawajawahi kupita. Walipona, ila walichelewa kukua kwa karibu miezi miwili. Mwulizeni muuzaji tarehe ya kuzaliwa na ya sindano, na kama hana kumbukumbu, nendeni kwingine.

Mfugaji wa Fukayosi

Nina jambo zito kidogo. Nilikuwa na nguruwe 11 nilipoleta watoto wawili wa bei rahisi kutoka kwa mtu niliyekutana naye barabarani. Niliwaingiza moja kwa moja kwenye banda moja na wengine. Ndani ya wiki mbili wote walishikwa na homa, wakagoma kula, masikio na matumbo yakageuka rangi ya zambarau, na hakubaki hata mmoja. Ilikuwa homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza huko Kenya mwaka 1921 na ambao mpaka leo hauna dawa. Haumwambukizi binadamu, lakini hukaa kwenye nyama, damu, viatu na nguo. Ngiri wa porini hubeba virusi bila kuugua, nasi wa upande huu, ambao hatuko mbali na mbuga ya Saadani, inatupasa tukumbuke hilo.

Nilimwita afisa mifugo wa kata, tukawafukia ndani ya shimo refu na chokaa juu yake. Kuna waliotaka kununua nyama ile, nikakataa, na sijutii.

Sasa mgeni hukaa siku 30 kwenye kibanda chake, mbali na wenzake, kwa sababu dalili huchukua kati ya siku 4 na 19 kujitokeza. Ana ndoo yake na fagio lake, na mimi humhudumia wa mwisho, nikiwa na mabuti yasiyokwenda kokote kwingine. Mabaki ya chakula cha hotelini siyatumii tena. Katika siku hizo 30 ndipo mtaalamu anapomchoma dawa ya minyoo na ukurutu, na mzingatie kipimo: ile ya ivermectin ya asilimia 1 ni mililita 1 kwa kilo 33 za uzito wa mnyama, maana yake mtoto wa kilo 10 anapata mililita 0.3 tu.

Mkulima wa Zinga

Ninawashukuru wote kwa moyo wangu. Nimewaleta wawili, majike wa tumbo moja, nikiwa na tarehe zao za kuzaliwa na za sindano kwenye karatasi na mfuko wa chakula cha walikotoka. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, wakiwa ndani ya tenga.

Leo ni siku ya tisa. Usiku wa pili niliwakuta wamerundikana mmoja juu ya mwingine wakitetemeka, nikajua wana baridi, nikawaongezea maranda na kuziba upande wa kusini kwa turubai. Tangu hapo wanalala ubavu kwa ubavu, wamejinyoosha. Mmoja aliharisha kidogo siku ya nne, nikapunguza chakula na kumpa maji yenye chumvi-sukari ya dukani kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, na kinyesi chake kimeshika tena. Chakula changu kimefikia robo tatu. Kwa jirani yangu nilikwenda jana jioni, tukatembea pamoja mpaka kwenye mfereji, na amenionyesha mahali ambapo mvua za masika hutuama, pahali ambapo nisingepajua. Kesho nitaugeuza.