Eti magofu "yamekaa bure" tujenge hospitali? Mimi napinga, nishawishini

Wadau, hili suala la hospitali kwenye maeneo ya kale naomba tulijadili bila matusi maana kila likiguswa watu wanaanza kurushiana maneno. Juzi kijiweni jamaa mmoja kasema magofu yote ya huku pwani yamekaa bure, nyasi na popo tu, serikali ingepitisha greda ikaweka hospitali ya wilaya wananchi wafaidike. Watu wakampigia makofi. Nikabisha peke yangu, nikaonekana mchawi, yani mtu anayependa mawe kuliko binadamu wenzake. Nimekuja kumalizia ubishi huku.

Nianze kwa kukiri kwamba hili ni gumu. Ghorofa la biashara unalipinga kirahisi, mwaka 1989 kule Nairobi walitaka kuchomeka jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, mama Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, akasimama, akasemwa mpaka bungeni, lakini mwisho wa siku mradi ukafa na bustani ipo mpaka leo. Pale hata mtoto angeona tamaa ilivyo ndefu. Sasa hospitali unaipingaje? Utaulizwa swali moja tu, "shangazi yako akizidiwa usiku utampeleka magofuni?" na wewe umekwisha. Na mimi shangazi yangu nilishawahi kumpakiza kwenye bodaboda saa nane usiku, nimekaa nyuma nimemkumbatia asidondoke, kwa hiyo msidhani naongea nikiwa nimeshiba. Ila kwa sababu hiyo hiyo, ningekuwa mimi ndo nataka kumega eneo la umma, ningeanza na neno hospitali. Likishaingia hilo nani atanyanyua mkono?

Halafu tujiulize kwa nini macho yanaenda kwenye magofu wakati ardhi ipo kibao. Jibu ni fidia. Pale hakuna nyumba ya kuvunja, hakuna minazi ya kuhesabu, hakuna mzee atakayegoma kusaini fomu. Ardhi ya walio hai inalipwa, ya marehemu unachukua tu na hakuna wa kukushtaki.

Sasa hilo "yamekaa bure" ndo linanichoma. Nendeni Kunduchi hapo Dar kwenye makaburi ya karne ya 18, mkasimame karibu kabisa na zile nguzo. Mtaona matundu ya duara kwenye chokaa, saizi ya bakuli la uji. Humo zilipachikwa bakuli za Kichina, marehemu alikuwa mtu mzito na ndugu zake walitaka kila anayepita ajue. Nyingine zilishabanduliwa yamebaki matundu tu, lakini hata hilo tundu linakwambia kitu, kwamba huyu mtu wa pwani alikuwa na mkono kwenye biashara iliyofika mbali huko. Na hicho ni cha juu ya ardhi! Cha chini ndo kingi zaidi, vigae, shanga, mashimo ya nguzo za nyumba za udongo za watu wa kawaida ambao hawakuwa na hela ya matumbawe na chokaa, yani akina sie. Sarafu iliyopigwa Kilwa ilikutwa Great Zimbabwe huko, ule mji wa kale wa mawe, na ilipata maana kwa sababu ilijulikana imetoka wapi. Greda likishachota, sarafu ni chuma chakavu na kigae ni kokoto, huwezi kuvirudisha kwenye tabaka lake la udongo hata uwe na maprofesa mia.

Kuna mtu atasema tuchukue kipande kidogo tu pembeni. Ndugu yangu, hospitali haina kipande kidogo. Ukishaweka wodi unataka barabara ya ambulensi, unataka parking, shimo la maji taka, kichomea taka, mochwari, jenereta, na baada ya miaka mitano wanakuja na jengo la mama na mtoto, kisha nyumba za watumishi, kisha fremu za maduka ya dawa ukutani. Nani ashawahi kuona hospitali ikipungua eneo?

Kuhusu sheria sitakaa sana. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964 na inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kabla ya mradi kuanza. Kwa hiyo siyo hisia zangu tu hizi.

Wanaosema lazima tuchague afya au historia waangalie hospitali ya Ocean Road pale Dar, jengo la Wajerumani lina zaidi ya miaka 100 na wagonjwa wa kansa wanatibiwa pale hadi leo. Au Zanzibar, ile Dispensari ya Kale karibu na bandari, yenye mabaraza ya mbao yaliyonakshiwa kama kitambaa. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, hela alitoa tajiri Tharia Topan, watu wakapata dawa humo miaka na miaka. Ikaja kuchakaa vibaya sana, ikakarabatiwa miaka ya 90. Huko huduma ya afya yenyewe ndo imegeuka urithi! Kama kuna jengo la kale linaweza kubeba kliniki ya nje bila kutobolewa hovyo, likarabatiwe mimi nitashangilia wa kwanza.

Pale ninapokosa jibu zuri ni hapa. Yule jamaa wa kijiweni anaishi kama dakika kumi kwa miguu toka kwenye magofu na watoto wake hawajawahi kuingia ndani. Kiingilio cha wageni yeye hakioni, zahanati yao dawa zinaisha katikati ya mwezi, na mimi namwambia atunze mawe. Ana haki ya kukasirika na nilimwambia hivyo hivyo. Ila hasira yake naona ingeanzia kwa anayepanga bajeti, maana hata tukisawazisha kila kaburi la pwani nzima, kuta mpya hazitaleta daktari wala paracetamol.

Haya, uwanja ni wenu. Ila anayetetea anijibu kwanza kitu kimoja, mbona mnayaona magofu tu, viwanja vya gofu hamvioni?