Kaveri: India walikosea kuitoa kwenye Tejas?

Rubani wa Kochi: India walianza injini yao, Kaveri, mwaka 86, wakitaka iendeshe ndege yao ya kivita Tejas. 2008 wakaitenga, Tejas ikabaki na injini ya Mmarekani, F404. Nasema walikata tamaa mapema. Waliagiza injini 99 mwaka 2021, ya kwanza wakaiona Machi 2025! Cha kuazima hakisitiri.

Mstaafu: Mradi kamili uliidhinishwa 1989. Na mapema gani hiyo, miaka 19 tangu hapo? Walilenga msukumo wa kilonyutoni 81, hawakufika, na uzito ukazidi. Rubani aruke kwa uzalendo? Injini ya kivita si kuyeyusha chuma na kusubu sufuria, jamani.

Msubu: Hapo kwenye sufuria umenigusa.

Mstaafu: Sijakutaja mtu.

Msubu: Umetaja kazi yangu. Sufuria ikiharibika naivunja niirudishe motoni. Tazama pale ilipovunjika: chembechembe, kama sukari guru. Ufa hupenda kupita kwenye mipaka ya zile chembe. Sasa panga la turbini, lile gurudumu la injini linalozungushwa na moto, linazunguka kwa kasi ndani ya moto huo, mipaka hiyo ndiyo inayoliua. Dawa yake ni kulisubu liwe chembe moja, fuwele moja zima. Unalipoza kuanzia chini, polepole, na chuma kinaganda kikipanda kupitia kijia kilichojisokota kama mkia wa nguruwe, kinachopitisha chembe moja tu. Na kalibu yake, ile ya kumiminia chuma, inaanza na umbo la nta. Sasa niambie, hiyo si kusubu?

Mama Zai: Mwanangu kasema ule moto unazidi joto la kuyeyusha panga lenyewe. Halafu haliyeyuki?

Msubu: Kweli dada. Ndani ni tupu, hewa kutoka kwenye kompresa, sehemu ya injini inayobana hewa, inapita humo na kutokea kwenye vitundu, inalifunika kama shuka.

Rubani wa Kochi: Turudi kwenye mada. 1998 India wamelipua mabomu ya nyuklia kwa majaribio, Marekani ikawawekea vikwazo. Somo hawakulipata?

Mstaafu: Somo lilikuwepo, injini haikuwepo. Taja nchi yetu yoyote Afrika iliyojaribu hata robo.

Helwan64: Misri. Injini ya E-300, kule Helwan karibu na Cairo, miaka ya 60, kwa ajili ya ndege yao ya kivita HA-300. India wenyewe waliwapa ndege yao moja ya kivita, Marut, waijaribie injini hiyo angani. 1969 Misri wakaufuta mradi.

Mstaafu: Aliyeichora ni Brandner, Mwaustria. Hiyo ni ya Afrika?

Msubu: Na Marut kaichora Kurt Tank, Mjerumani. Kwa hesabu yako India nao hawakuunda kitu. Mzee, sufuria unayopikia imetoka wapi?

Mstaafu: China. Na haina chembe.

Msubu: Chembe inazo, ila hiyo ni bati limekandamizwa. Ipige picha kitako uilete hapa.

Rubani wa Kochi: Kaveri jamani…

Mama Zai: Mzee, picha iko wapi?